Mwaka Tuliokula Bila Chumvi

Papa Banza tulimzika Jumanne, na hata pale kaburini umri wake ulizua ubishi. Msalaba uliandikwa kwamba amekufa na miaka tisini na sita, kwa kuwa ndivyo kilivyosema kitabu chake cha kazi. Yeye mwenyewe, tangu nimjue, alikuwa akisema: ondoa sita. Iwe tisini, iwe tisini na sita, ni umri ambao mji wetu wa Likasi haujazoea kuuona kwa mtu aliyevuta moshi wa tanuru ujana wake wote, na tuliporudi matangani watu walitaka kujua siri yake. Solange, mjukuu wake ambaye ni muuguzi Lubumbashi, alikuwa ameketi chini ya turubai na simu mkononi, anaandika kila kilichosemwa. Nkambo, yaani babu, alitembea kwa miguu kila asubuhi kabla jua halijatoka. Alikula chumvi kidogo. Alipenda mboga za majani, sombe na lengalenga, kuliko nyama. Alikunywa munkoyo wa mahindi usiolewesha, pombe hapana. Alilala mapema. Hakukasirika ovyo. Wazee waliinamisha vichwa kukubali, na mama mmoja akasema orodha hiyo ingefaa kusomwa kanisani. Mimi nilikuwa kwenye mkeka karibu na jiko, nachambua mboga. Orodha ile naijua. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama katika dispansari ya kampani, kalamu inaniteleza kwa jasho, na nilikuwa nimetoka kuandika uongo.

Jinsi nilivyofika nyumbani kwake si habari ya leo. Mke wake, Mama Mujinga, alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, basi. Nami nilikuwa najifunza uuguzi katika dispansari ya kampani. Nyumba ilikuwa ya kampani ya shaba, kama karibu kila kitu wakati ule: vyumba viwili vya matofali, sakafu ya saruji nyekundu ambayo Mama Mujinga aliipaka nta kila Jumamosi, jiko uani, na bomba la maji tuliloshirikiana na nyumba tatu. Nililala chumba cha mbele, kati ya kabati la vyombo na redio, na ukuta uliotenganisha kitanda changu na chao haukufika kwenye dari. Walichosema nilikisikia. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya asidi kutoka kiwandani, na nguo zilizoanikwa zikatoboka vitundu vidogo vidogo. King'ora kilituamsha, king'ora kikatulaza. Mwezi ukiisha kampani ilitoa unga, mafuta na samaki, na mgonjwa alitibiwa bure. Bomba, unga, dawa, hata msumari niliotundikia gauni langu, vyote vilitegemea kifua cha mtu mmoja. Siku ambayo daktari angesema kifua hicho kimechoka, lori lingekuja.

Lori hilo nililiona likija kwa jirani yetu Kapya. Alikuwa fundi wa tanuru pamoja na Papa Banza, mtu wa mizaha. Daktari alimkuta amechoka, akampa pensheni, na baada ya mwezi mmoja kitanda chake kilikuwa juu ya lori, miguu imeelekea mbinguni. Mke wake alikuwa amekumbatia sufuria ya bukari, ugali wa mchana ambao hawakuwahi kuula. Walipelekwa njia ya Kamatanda, kwa ndugu ambaye naye hakuwa na nafasi. Hakuna aliyepiga kelele. Kampani ilikuwa ya Serikali, Serikali ilikuwa Chama, na Chama kilikuwa kimeshatunyang'anya hata majina ya ubatizo. Mtu akiuliza maswali mengi tulimwambia anaitafuta njia ya Buluo, na huko Buluo kila mtu alijua kuna gereza. Papa Banza alisimama mlangoni akitazama, ameshika fremu kwa mikono miwili, mpaka vumbi la lori likatua. Aliogopa, na mimi kumwona anaogopa nikaogopa zaidi yake.

Alikuwa na sababu. Juma lile lile yeye pia alikuwa amepimwa, na presha yake ilikuwa kumi na nane juu ya kumi na moja, ambayo kwingine huitwa mia na themanini juu ya mia na kumi. Kitabu chake cha kazi kilisema amefika miaka hamsini na mitano, na kwa umri huo mtu alibaki kazini tu kama daktari aliandika kwamba bado ana nguvu. Daktari hakuandika ndiyo, hakuandika hapana. Alimpa mwaka mmoja. Na hiyo hamsini na mitano haikuwa ya kweli. Papa Banza alipokuja kuandikwa kazi alikuwa kitoto cha miaka kumi na minne hivi, mrefu kama mwanzi. Cheti hakuna, walioandika walitazama meno na kwapa. Aliwaambia ana ishirini, wakaandika ishirini, wakampa blanketi. Vijana wengi walifanya hivyo, wakarudi kambini wakicheka. Usiku wa siku ile ya lori nilimsikia nyuma ya ukuta.

"Ile miaka sita, minye mwenyewe niliiomba," alisema. "Leo inarudia kunikamata."

"Basi tutairudisha," Mama Mujinga akajibu. "Utakuwa kijana."

"Mujinga, tutaenda wapi?"

"Lala. Munganga alisema ulale mapema."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Watu wa sasa hujitunza kwa kupenda uhai. Sisi tulimtunza Papa Banza kama mtu anavyoziba paa mawingu yakiwa yameshafika. Daktari alikuwa amesema mambo matano: chumvi apunguze, pombe aache, atembee, alale mapema, asikasirike wala kusumbuka moyo. Mama Mujinga hakujua kupunguza. Alichukua kopo la chumvi akalipeleka kwa jirani, akawagawia watu makayabu yote, maana samaki yule ni chumvi yenye miiba. Jioni ya kwanza tulikula sombe isiyo na ladha yoyote. Papa Banza alitafuna, akameza, akaitazama sahani kwa muda.

"Mujinga, hii sombe umeipika ao umeiosha tu?"

"Nimeipika."

"Aya. Ni muzuri."

Alikula akaimaliza. Siku nyingine nilimkuta Mama Mujinga nyuma ya jiko akifungua fundo la kitenge chake. Mlikuwa na chumvi ndani, akailamba kwa ncha ya ulimi huku amefumba macho. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, na wote wawili tulicheka bila sauti. Ni moja kati ya mara chache nilizocheka mwaka ule. Mvi nazo zilishughulikiwa. Alivunja betri za redio zilizokwisha, akasaga ile kaa nyeusi ya ndani, akaichanganya na mafuta ya mawese, na kila mwisho wa juma akampaka mumewe kichwani uani, shuka kuukuu mabegani. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu walikuwa na nywele nyeusi za namna ile, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe.

Kutembea ndiko kulikotutia hofu kuliko vyote. Mtu kutembea bure, alfajiri, haendi kazini, haendi shambani, wakati ule lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Aliyetembea hivyo alikuwa anapeleleza au anapeleka barua. Mama Mujinga akaamua nimsindikize, na akatupa ndoo tupu tuibebe, tuonekane tuna tunakokwenda. Kwa hiyo kila siku kabla ya king'ora tulishika barabara chini ya mijakaranda, yeye mbele akihesabu pumzi, mimi nyuma na ndoo. Asubuhi moja askari alitoka gizani karibu na daraja akatumulikia tochi usoni.

"Munaenda wapi?"

"Kutafuta maji, chef," akasema Papa Banza.

"Mu cité ya kampani hamuna bomba?"

"Iko. Imekauka."

Askari aliichungulia ndoo kana kwamba jibu liko ndani. Kisha akataka kujua kwa nini mzee amebeba mikono mitupu na msichana ndiye amebeba ndoo, na Papa Banza akasema kwa upole kwamba yeye si mzee. Askari alicheka, akatuacha. Tulipofika mbali niliikalia ile ndoo katikati ya barabara. Papa Banza aliningoja. Kesho yake tulitoka tena.

Amri ya tano, ile ya kutosumbuka moyo, ilikuwa yetu sisi wanawake. Sahani ikivunjika hakuambiwa. Unga ukichelewa hakuambiwa. Redio ikianza kusoma majina ya watu waliosimamishwa kazi, Mama Mujinga alikohoa na mimi nikaizima. Tulizoea mno kuficha, hata ikawa tukificha vitu ambavyo havikuwa na ubaya wowote. Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulificha kilio chenyewe. Ilikuwa Alhamisi mchana, zimebaki wiki tatu kabla ya kupimwa, Papa Banza yuko kazini, akaja mtu kutoka Kakanda, viatu vyekundu kwa vumbi. Alikataa kiti. Alisema Ilunga, mdogo wake Papa Banza, ameanguka kule mgodini, amekufa, na wanamngoja mkubwa aweke udongo wa kwanza. Mama Mujinga alimpa maji, akamngoja anywe yote.

"Sema kule kama Banza iko mugonjwa," akamwambia. "Haweze kusimama. Bazike tu."

Yule mtu alimtazama, akanitazama mimi, akaondoka. Nilikuwa nimeshika ufagio na sikuweza kuuweka chini.

"Mama, ni ndugu yake. Tumbo moya."

"Akienda atalala chini siku ngapi? Atakunywa nini? Atalia, Ngoie. Kisha munganga atafunga ile kintu ku mukono yake." Alipangusa kikombe kwa kitenge, ingawa kilikuwa kikavu. "Ilunga amekwisha kufwa. Nyumba haiyakufwa bado."

Ningeweza kusema. Kwa miaka mingi nimejiambia nilikuwa mtoto, lakini mtu wa miaka kumi na tisa si mtoto. Niliogopa lori, niliogopa Kamatanda, niliogopa kurudi nilikotoka. Nilinyamaza, na jioni nikampakulia Papa Banza bukari nikimtazama mikono tu. Wiki tatu zile nilikula huku nikitazama mlango. Kila mtu aliyebisha hodi nilidhani ametoka Kakanda. Yeye, kinyume chake, alionekana kupata nguvu. Jumapili iliyofuata alichelewa kurudi kutoka misa, akasema tangu kesho atatembea peke yake, sasa ameizoea njia, na ndoo ataibeba mwenyewe. Alikwenda mbali zaidi, akarudi macho mekundu kwa baridi ya alfajiri. Alikula kila alichowekewa. Alikuwa mpole mno kwetu, hata akamsifu Mama Mujinga kwa sombe ile. Tuliona dawa imemwingia.

Siku ya kupimwa wanaume walikaa kwenye benchi ndefu ya dispansari tangu asubuhi, mashati yamepigwa pasi, wanakohoa ndani ya leso ili wasisikike. Mimi ndiye niliyepangwa kupima presha na kuandika kwenye karatasi. Daktari alikuwa chumba cha pili, anaita mmoja mmoja. Papa Banza alipoketi mbele yangu hatukusalimiana kama watu wa nyumba moja. Nilimfunga mkono, nikabonyeza mpira, nikasikiliza. Kumi na tisa juu ya kumi na moja. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Kumi na tisa juu ya kumi na moja. Mwaka mzima wa maji ya sombe, mwaka wa ndoo tupu, na sisi tulikuwa pabaya kuliko tulipoanzia. Jasho lilianza kumtoka, na jasho lile likashuka jeusi nyuma ya sikio, likaelekea kwenye kola nyeupe.

"Ngoie," akasema taratibu, "andika ile unaona."

Nilikata pamba nikampangusa shingo. Halafu nikaandika kumi na nne juu ya nane. Naikumbuka ile nne. Niliichora vizuri kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Karatasi ya kampani ilikuwa karatasi ya Serikali, na anayeiandika uongo anaiibia Serikali. Nilijua pa kupelekwa. Papa Banza aliisoma ikiwa juu chini. Aliinuka akaenda kwa daktari, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi nilisikia yote.

"Imeshuka namna hii?" daktari aliuliza. "Unafanya nini, Papa?"

Ndipo alipoitaja orodha. Natembea kila asubuhi mbele ya jua. Munyu, hapana. Sombe na lengalenga, nyama kidogo. Munkoyo, pombe hapana. Nalala mbio. Sikasirike. Aliitaja bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Daktari alifurahi, akafungua mlango kabisa na kuwaita wale wa kwenye benchi waje wasikie, mnaona, mwenzenu huyu. Walisimama wakimtazama Papa Banza kwa wivu na matumaini. Kisha daktari akamshika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo, na macho yake yakatafuta kile kipimo, kilichokuwa mezani kwangu. Nilikishika kwa mikono yote miwili. Alihesabu watu waliobaki, akatazama saa, akatia sahihi.

Jioni Mama Mujinga alimngoja ale amalize. Alipiga magoti kwenye sakafu ile nyekundu, akamwambia habari ya Ilunga, yote, na mtu wa Kakanda, na maneno aliyomtuma. Papa Banza alinawa mikono polepole.

"Najua," akasema.

Hatukuelewa.

"Ile Jumapili, ku mulango ya kanisa, mutu alinipa pole. Mulikuwa munanificha, na minye nilikuwa nawaficha. Niliwaza: nikienda, Mujinga atalala fasi gani, Ngoie atalala fasi gani." Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Nilikuwa naenda kule ku njia na ndoo. Nilikuwa naingiza kichwa ndani ya ndoo, nalia. Kisha narudi kula."

Halafu akatoka uani na kulia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, jina la mdogo wake na majina ya baba zao. Mtaa mzima ulitoka. Walidhani msiba umetokea saa ile ile, wakaleta mikeka na kuni, na hakuna aliyewasahihisha. Kesho yake tulikwenda Kakanda. Kaburi lilikuwa limeshaanza kubonyea katikati. Mjane wa Ilunga alitupokea kwa heshima zote, akamshika Papa Banza mikono, akamuuliza kwa huruma ya kweli: "Shemeji, umepona?" Sijaona mtu aliyepigwa kama alivyopigwa na swali lile. Alipiga magoti kwenye udongo, na mpaka mjane yule anakufa hakuambiwa ukweli.

Nyumba ilibaki kwetu miaka mingine mingi. Hofu nayo ilibaki kwangu. Kila nilipoitwa ofisini kwenye dispansari nilikwenda nimevaa sweta mbili, maana nilisikia Buluo kuna baridi. Hakuna aliyekuja kunichukua. Baada ya mwezi mmoja nilimpima Papa Banza tena, kwa siri, nikiomba. Ilikuwa kumi na tano juu ya tisa. Nilimwonyesha kwa vidole. Hatukuzungumza tena juu ya karatasi ile, miaka yote hii. Aliendelea kutembea, bila ndoo. Chumvi ilirudi, lakini yeye alikuwa ameisahau. Na tangu Kakanda hakuna msiba uliomfikia akauahirisha. Alikwenda kwa miguu, hata kwa watu asiowajua vizuri, akafika, akalia, akarudi kulala. Mama Mujinga alipofariki, hakungoja mtu amshike. Alilia saa ile ile, ameketi kando ya kitanda, mkono wake mkononi.

"Nkambo Ngoie," Solange aliniita pale matangani, maana bibi naye ni nkambo, "we ulikaa naye. Nimesahau nini?" Asubuhi ile ile alikuwa amenipima presha, akakunja uso, akanikataza chumvi. Kumi na nane, alisema, na mimi nilikuwa nimejibu ni uchovu tu; tangu Jumapili, Papa Banza alipokata roho, nilikuwa natafuta turubai, nahesabu viti, napika, nakaribisha wageni.

"Andika hivi," nikamwambia. "Akifiwa, alikuwa analia siku ile ile."

Solange alitabasamu. "Hiyo si ya afya, Nkambo."

"Andika."

Aliandika. Nikaweka kisu chini, nikasukuma sahani ya mboga pembeni, na mbele ya watu wote nikaanza kulia, nimechelewa siku mbili.